Kuifikia Seva Iliyo Mbali: Kuboresha Kadi za Usimamizi kwenye Seva za Zamani

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yetu na watunza kompyuta, makatibu na wahasibu wa vituo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



 Leo hatutazungumza juu ya kununua seva mpya. Wengi wetu tunafanya kazi na seva zilizotumika kwanza mahali pengine, zikatolewa kama msaada au zikauzwa kwa bei nafuu, na zitaendelea kuwa nasi kwa miaka kadhaa. Tutazungumza juu ya sehemu moja tu ya seva hizo, sehemu ambayo wengi hawaijui mpaka siku ya shida.

Tuanze na kitufe kimoja. Ndani ya karibu kila seva kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayofanana na ile ya saa au ya mizani ndogo ya jikoni. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya seva wakati hakuna umeme. Baada ya miaka mingi betri hiyo hufa kimya kimya. Hakuna anayegundua, kwa sababu seva inawaka mchana na usiku. Kisha umeme unakatika usiku mmoja, UPS inamaliza chaji, na asubuhi umeme unaporudi seva inaona kwamba imesahau saa na mipangilio. Nyingi za zamani hapo husimama. Zinaandika kwenye skrini kwamba mtu abonyeze F1 ili kuendelea, na mtu asipobonyeza zitasubiri hata wiki nzima.

Wakati huo hospitali haiwezi kuandikisha wagonjwa kwa kompyuta. Dirisha la dawa linarudi kwenye daftari. Maabara ina majibu lakini haina pa kuyaandika. Fundi yuko umbali wa kilomita 600, anapigiwa simu, anauliza skrini inasema nini, na aliye upande wa pili anajibu kwamba seva haina skrini, iko tu kabatini inatoa taa ya rangi ya chungwa. Basi fundi anapanda basi. Analala njiani, anafika, anabonyeza F1, anabadilisha betri ya bei ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kutoka stendi, na anarudi. Tukiangalia safari ambazo mafundi wetu wamefanya, nyingi ni za namna hii. Kilichokosekana kilikuwa kidole, utaalamu ulikuwepo tangu mwanzo.

Kadi ya usimamizi ndiyo inayopeleka kidole hicho kutoka mbali. Ni kompyuta ndogo kabisa iliyo ndani ya seva, yenye kichakato chake, kumbukumbu yake na anwani yake ya mtandao. Inapata umeme mara seva inapochomekwa ukutani, hata kama seva yenyewe imezimwa. Kwa hiyo unaweza kuiuliza hali ya feni, joto na diski, unaweza kuiamuru iwashe au izime seva, na ikiwa ni kadi kamili unaweza kuona skrini ya seva kwenye kompyuta yako na kuandika kama vile umekaa mbele yake, tangu sekunde ya kwanza inapowaka. Hilo la sekunde ya kwanza ndilo linaloitenganisha na programu za kawaida za kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Programu hizo zinahitaji mfumo uwe umeshaamka. Kadi haihitaji.

Kila kampuni imeipa jina lake. Kwenye seva za Dell inaitwa DRAC, na baadaye iDRAC. HP wanaiita iLO, nayo ilianza kuwekwa kwenye madabodi za ProLiant mwaka 2002. Kabla ya hapo Compaq walikuwa na kadi ya kuchomeka iliyoitwa Remote Insight. IBM walikuwa na Remote Supervisor Adapter, baadaye IMM. Chini ya majina hayo kuna lugha ya pamoja inayoitwa IPMI, iliyotolewa kwanza mwaka 1998, na toleo lake la 2.0 mwaka 2004. Majina si ya kukariri. Tunayataja kwa sababu unapotaka kuboresha, jibu la swali "inawezekana?" linategemea jina na kizazi, na hapa ndipo watu wanaponunua kitu kisichoingia.

Seva nyingine huboreshwa kwa kuongeza kadi. Nyingine zina kila kitu tayari kwenye madabodi na zinahitaji leseni tu. Nyingine haziwezi kupewa kadi mpya zaidi ya ile iliyozaliwa nayo. Mwenye ProLiant yenye iLO 2 asidanganywe na muuzaji kwamba atamwekea iLO 4. Chipu hiyo imeunganishwa kwenye madabodi, haichomoki. Anachoweza kubadilisha ni programu ya ndani ya iLO 2 hiyo hiyo, basi. Kinyume chake IBM x3650 M2 inaweza kupewa ufunguo mdogo unaochomekwa kwenye madabodi, na mara moja IMM yake inakubali kuonyesha skrini kwa mbali.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa undani, yaani Dell PowerEdge R710. Tumeichagua kwa sababu ndiyo tunayoikuta mara nyingi kwenye shehena za msaada. Ilitoka mwaka 2009, ni imara, inakubali kumbukumbu nyingi, na kampuni za Ulaya na Marekani zilipoziondoa ziliziondoa kwa wingi. Nyingi zinafika zikiwa na iDRAC6 ya daraja la Express. Daraja hilo linakuruhusu kuwasha na kuzima seva na kusoma kumbukumbu za hitilafu, lakini halionyeshi skrini, na linatumia tundu moja la mtandao pamoja na seva yenyewe. Kwa habari ya F1 yetu halitoshi. Unajua kwamba seva imesimama, ila huoni imesimamia wapi.

Daraja la Enterprise ni kadi ndogo ya pili. Inaingia mahali pake ndani ya seva na kutoa tundu lake la mtandao nyuma. Inaonyesha skrini, inakuruhusu kuweka diski ya kusakinishia mfumo kwa kupitia mtandao, na ina nafasi ya kadi ya SD. Jambo la kuangalia kabla ya kununua ni hili: Enterprise inahitaji Express iwepo pia. Ukiagiza Enterprise peke yake kwa seva ambayo haina hata Express, utaipokea, utaichomeka, na haitafanya kazi. Fungua seva utazame kwanza, au mwombe aliyeko kituoni apige picha.

Kazi yenyewe haichukui saa nzima, lakini msiifanye saa mbili asubuhi wakati foleni ya wagonjwa iko mlangoni. Chagueni Jumamosi alasiri na mwaarifu wauguzi wa zamu. Chukueni nakala za akiba kwanza, kisha zihakikisheni kwa kufungua faili moja au mbili kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Zimeni seva kwa utaratibu. Halafu chomoeni nyaya zote za umeme, zote mbili kama ina pawasaplai mbili. Tunasisitiza hapa, kwa kuwa kadi hizi zinaishi kwa umeme ule mdogo unaobaki hata seva ikiwa imezimwa, na kuzichomeka wakati umeme upo ni kuziua. Mkiwa mmeifungua, badilisheni na ile betri ya duara. Msingoje ife.

Seva ikiwashwa tena, bonyezeni Ctrl na E inapowaalika kufanya hivyo, mwingie kwenye mipangilio ya kadi. Anwani ya kiwandani ni 192.168.0.120, jina ni root na neno la siri ni calvin. Hatutoi siri yoyote, dunia nzima inalijua, na kwa sababu hiyo libadilisheni kabla hamjachomeka kebo ya mtandao. Seva za IBM za miaka ile zilikuja na USERID na neno PASSW0RD lenye sifuri badala ya O. Supermicro walitumia ADMIN mara mbili mpaka mwanzoni mwa mwaka 2020. HP walifanya vizuri zaidi tangu zamani, kila seva ina neno lake kwenye karatasi ndogo iliyofungwa juu yake. Shida yao ni kwamba karatasi hiyo hupotea njiani, basi mkipokea seva ya HP, iangalieni kabla ya kuifuta vumbi.

Baada ya hapo ndipo programu ya ndani ya kadi iboreshwe hadi toleo la mwisho. Fanyeni hivyo mkiwa hapo hapo, kutoka kompyuta iliyo chumba kimoja na seva, huku UPS ikiwa na chaji. Kama toleo lililopo ni la zamani sana huenda msiweze kuruka moja kwa moja hadi la mwisho, itabidi kupanda ngazi kwa ngazi, na maelezo ya kila toleo husema unatakiwa kutokea wapi. Kisha jaribuni. Izimeni seva na muiwashe kutoka chumba cha pili. Mkifaulu, jaribuni kutoka makao makuu. Fundi asipande basi la kurudi kabla ya jaribio hili la pili.

Mwenzetu mmoja aliuliza wakati wa chai kama seva ya kizazi kilichofuata, R720 ya mwaka 2012, nayo inunuliwe kadi. Hapana. Kwa iDRAC7 tundu la mtandao limeshakuwepo nyuma, kinachofungua mlango ni faili la leseni ya Enterprise. Leseni hiyo inafungwa na namba ya seva husika, haiwezi kuhamishiwa seva nyingine. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetoa msaada ni rahisi na halina gharama kwake: "Je, seva hii ina leseni ya Enterprise?" Tungependa swali hilo liingie kwenye barua zetu zote za kuomba vifaa. Mara nyingi wafadhili huulizwa juu ya ukubwa wa diski na kasi ya kichakato, na sisi kwa kweli tungeikubali seva ya polepole yenye kadi kamili kabla ya ile ya kasi isiyo nayo. Kwa upande wa HP, iLO isiyo na leseni ya Advanced inaonyesha skrini mpaka mfumo unapoanza kupakia, kisha inafunga. Inasikitisha, ila kwa ugonjwa wa F1 inatosha kabisa, maana ugonjwa huo hutokea kabla ya mfumo kuanza.

Sasa tufike kwenye kero ambayo wengi mmeshakutana nayo. Kadi imewekwa, anwani iko sawa, unafungua kivinjari na ukurasa unakataa. Kadi hizi zilitengenezwa wakati dunia ilikuwa na mazoea mengine. Vivinjari vikubwa viliacha kukubali TLS 1.0 na 1.1, yaani njia za zamani za kusimba mawasiliano, kuanzia mwaka 2020. Skrini ya mbali ya kadi nyingi za wakati huo ilitegemea Java. Chrome iliacha viongezo vya Java mwaka 2015, Firefox mwaka 2017, na Java yenyewe katika toleo la 11 la mwaka 2018 iliondoa kabisa Java Web Start ambayo iDRAC6 inaitumia. Vizazi vya baadaye vilipata nafuu, kwani iLO 4, kwa mfano, tangu toleo 2.70 ina skrini inayofunguka kwenye kivinjari bila Java. iDRAC6 haikupata nafuu hiyo.

Tunachofanya sisi ni kutunza kompyuta moja ya zamani, au kompyuta pepe ndani ya kompyuta nyingine, yenye kivinjari cha zamani na Java ya zamani, ambayo haitoki kwenye intaneti hata mara moja na haifanyi kazi nyingine yoyote. Haisomi barua pepe, haifungui magazeti. Kila kituo kiwe nayo karibu na seva. Kuna faida ya pili: mtandao wa mbali ukiwa mwembamba, kusafirisha diski nzima ni mateso. Hesabuni wenyewe. Diski ya megabaiti 700 kwenye njia ya kilobiti 256 kwa sekunde inahitaji saa sita, na hiyo ni kama njia haitakatika hata mara moja. Faili hilo likiwa tayari kwenye kompyuta ya pale pale kituoni, kinachosafiri kutoka kwetu ni picha ya skrini na mibonyezo ya vitufe tu.

Tunaingia sehemu ambayo tungependa kuitilia uzito. Kila tulichokisifu kuhusu kadi hii ni sifa pia kwa mwizi. Anayeishika anaweza kuzima seva, kuweka diski yake, kufuta kila kitu, na hakuna programu ya kuzuia virusi kwenye seva itakayomwona, kwa kuwa yuko chini ya mfumo.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha kwamba IPMI 2.0, kwa jinsi ilivyobuniwa, humpa yeyote anayetaja jina sahihi la mtumiaji alama iliyotokana na neno la siri, ambayo anaweza kwenda kuibahatisha nyumbani kwake kwa utulivu. Kosa hilo liko kwenye kanuni yenyewe, hivyo hakuna toleo jipya la kuliponya. Baadhi ya kadi zilikubali hata njia iliyoitwa cipher zero, ambayo humwingiza mtu kwa neno lolote la siri. Mwaka 2017 ilitangazwa kasoro ya iLO 4 ya kabla ya toleo 2.53, ambayo huingilika kwa kutuma herufi A mara 29 mahali fulani katika ombi la mtandao. Mwaka uliofuata, 2018, wenye iLO 4 zilizoachwa wazi kwenye intaneti walianza kukuta tangazo la kudai bitcoin pale ambapo palikuwa na ukurasa wa kuingilia. Mwaka 2021 kampuni ya Amnpardaz ya Iran ilieleza programu haribifu, iLOBleed, iliyojificha ndani ya iLO. Ilifuta diski za seva, na mtu alipojaribu kuboresha programu ya ndani ilijifanya inaboreshwa huku ikibaki ile ile. Na mwezi Juni 2025 mamlaka ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, iliweka kasoro ya MegaRAC, programu ya AMI inayotumika kwenye kadi za watengenezaji wengi, kwenye orodha ya kasoro zinazotumiwa na wavamizi.

Kwa seva za hospitali maana yake ni nani ana kipimo gani na anatumia dawa gani. Sheria nazo zimeshaingia: Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, mama aliyekuja kupima hakuja ili jina lake lisomwe na mtu asiyemjua.

Kwa hiyo tunaomba kadi isiwekwe kamwe kwenye intaneti moja kwa moja, hata kwa siku moja, hata kwa jaribio. Iwe kwenye mtandao wake mdogo, kwa swichi yake au kwa VLAN yake, ambao kompyuta za ofisini na simu za wageni haziufikii. Anayetoka mbali aingie kwanza kwa VPN kwenye ile kompyuta ya zamani tuliyoitaja, kisha kwenye kadi. IPMI ya mtandaoni izimwe kama huitumii. Kwenye iDRAC6 ukurasa wake na SSH vinaendelea bila hiyo. Kama lazima ibaki, neno la siri liwe refu hadi herufi 20, ambazo ndizo mwisho wa IPMI 2.0, na lisifanane na neno la kituo kingine chochote. Tunajua jaribu lilivyo: neno moja kwa vituo vyote ni rahisi kukumbuka, na siku linapovuja linavuja kwa vituo vyote.

Maneno hayo yakae wapi? Kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kasiki ya mhasibu wa kituo, na nakala makao makuu. Mtu mmoja asiwe ndiye pekee anayeyajua. Mafundi vijana hupata kazi nyingine, na hiyo ni haki yao. Anapoondoka, maneno yabadilishwe siku hiyo hiyo, bila kumshuku na bila kuona haya.

Kuna jambo la njia pia. Tuliwahi kuona mahali ambapo kadi ilikuwa kamili na salama, lakini ruta ya intaneti ilipata anwani zake kutoka kwenye seva ile ile. Seva ilipolala, njia ya kuifikia kadi ililala pamoja nayo. Mahali pengine VPN ilipitia huduma iliyoko Ulaya. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika kwa wakati mmoja, njia ya namna hiyo ilikuwa ya kubahatisha hata kati ya watu walio nchi moja. Tunashauri ruta ijitegemee, VPN iishie makao makuu yetu wenyewe, na kuwe na modemu ya simu yenye laini ya mtandao mwingine, yenye salio, iliyochomekwa kwenye UPS. Salio hilo mtu apangiwe kulitazama kila mwezi, la sivyo litakwisha wiki moja kabla ya kuhitajika.

Na seva ambazo haziboresheki? Zipo, na tusizitupe kwa haraka. Ya kwanza na ya bei ndogo ni kebo ya serial. Seva nyingi za zamani zina tundu hilo nyuma, na kwenye BIOS unaweza kuiambia ipeleke maandishi yake huko. Unganisheni na kompyuta iliyo jirani, na kwa Linux mtapata karibu kila kitu kwa maandishi. Haina leseni, haihitaji Java. Ya pili ni kifaa cha nje cha KVM ya mtandaoni, kinachochukua picha kwenye tundu la skrini na kujifanya kibodi kwenye tundu la USB. Upo mradi wa PiKVM unaotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, programu yake iko wazi kwa wote, na inafunguka kwenye vivinjari vya leo. Kumbukeni tu kwamba seva za zamani hutoa picha kwa VGA, hivyo mtahitaji kigeuzi cha kupeleka HDMI. Kifaa hiki hakiwezi kuwasha seva iliyozimika kama hakijaunganishwa na kitufe chake. Kwa sababu hiyo wekeni BIOS iwashe seva kila umeme unaporudi, na mkiweza tumieni soketi inayozimwa na kuwashwa kwa mtandao. Vifaa vya bei rahisi vya aina hii vimejaa sokoni siku hizi. Navyo ni kompyuta, vina maneno yao ya siri ya kiwandani na kasoro zao, basi viwekwe nyuma ya uzio ule ule.

Kipo pia kipimo cha kuacha. Seva inayovuta wati 200 mchana na usiku inakula yuniti 4.8 za umeme kwa siku, na kituo kinachotegemea sola au jenereta kinalijua hilo kuliko sisi. Kama seva haina kadi, haipokei tena marekebisho, na umeme wake kwa mwaka unakaribia bei ya kompyuta ndogo ya kisasa inayoweza kazi ile ile, tuandikieni. Tutasaidia kuandaa ombi la kuibadilisha badala ya kununua vipuri.

Kabla hamjaondoka leo, kila kituo kichukue fomu pale mezani. Tunahitaji modeli ya seva, namba yake, jina na kizazi cha kadi, toleo la programu ya ndani, kama kuna leseni, na picha ya nyuma ya seva inayoonyesha matundu yote. Hospitali zitatangulia, kisha vyuo, kisha ofisi. Kadi za R710 tutaziagiza kwa pamoja mara fomu zitakapofika zote, na betri za duara tutazigawa leo. Zipo kwenye sanduku karibu na mlango, mbili kwa kila seva.